Kiti cha Karani Mahira

Ndia Kuu, Mombasa
Jumapili, 14 Mei 2023

Kwa Mjomba Muhdhar, huko Maskati,

Assalaam alaykum warahmatullah. Sisi huku wazima, isipokuwa magoti ya Bibi Mwanabaraka, ambayo hupata habari za mvua kabla ya redio. Mamako yuwakusalimu sana. Bado apaka hina maarusi, ila ngazi hazishuki tena, maarusi ndio wanaompandia juu. Yule paka wako mweupe, aliyekuwa akikungoja mlangoni ulipokuwa kijana, aliacha wajukuu, na mjukuu wa mwisho nimemzika juzi. Baba yuko Malindi na mkewe na wanawe. Simu yake hulia siku za Idi. Mimi sina ugonjwa ila hasira, na dawa yake unayo wewe.

Utashangaa kupata barua. Mwenyewe ulinifungia kwenye simu, baada ya ule ujumbe wangu wa sauti uliosema ni mrefu. Haya. Simu ina kidude cha kumfungia mtu, barua haina. Hii anakuletea Ghulam wa duka la vitambaa, anayefuata mzigo huko, na nimemuapisha asinywe hata maji nyumbani kwako mpaka uifungue mbele yake. Ulidhani aliyeachia shule kidato cha pili hajui kuandika? Insha nilikuwa wa kwanza. Kilichonitoa ni hesabu, na mwalimu wa hesabu alikiri kwa kinywa chake hajapata kuona mwanafunzi mwenye majibu mengi kama mimi kwa swali moja.

Sasa jambo lenyewe.

"Ofisi ya Barafu" imetoka. Mchezo wako, ulioutunga juu ya wavivu wa kiwanda cha barafu, ukaonyeshwa kwenye televisheni vipindi vinane kabla sijazaliwa, kisha ukakatika kama umeme. Kampuni ya Nairobi imeutia kwenye diski, kasha zuri la buluu, jina lako kubwa kama la mgombea ubunge. Aqeel, tajiri wangu pale dukani Makadara, akaagiza. Wateja wetu siku hizi hawanunui diski, wanakuja na flashi wajaziwe filamu, lakini kasha hili wamelinunua. Na wamelinunua kwa sababu ya mdomo wangu.

Maana tangu nina akili naambiwa kuwa mamangu Khairiya ndiye aliyekuwa Karani Mahira, mshika ufunguo wa chumba cha baridi, aliyewaendesha wanaume wote wa ofisi ile kama punda wa maji. Nawe wajua, Mjomba, sina kingine. Alipokufa nilikuwa na miaka mitatu. Hitima haijapoa, Bibi akaziteremsha picha zote ukutani, na hadi leo hasemi alizipeleka wapi. Mimi nina kijipicha cha kitambulisho ambacho unyevu umekula uso ukaacha mtandio. Nimekua nikiuamkia mtandio.

Basi Ijumaa, baada ya Alasiri, nikafanya onyesho hapa sebuleni. Projekta ya kuazima, shuka ya Bibi ukutani, madirisha nimeyaziba kwa mablanketi, joto la tanuri la mofa. Watu walijaa mpaka ngazini. Nikasimama mbele nikawaambia, "Tulieni. Sasa mtamuona mama wa Sufyan, mjue huu uzuri umetoka wapi."

Hakutokea.

Gunga mchukuzi anaingia, anamwamkia mtu. Picha inaruka. Gunga anasema, "La, Karani, si mimi niliyeuacha wazi." Picha inaruka. Meneja anatetemeka mbele ya meza yenye kiti kitupu. Kisha ghafla wote wanatupa kazi zao, wanaukimbilia mlango wa chumba cha baridi, wanaufunga, wanahema, wala hakuna aliyewaamrisha. Vipindi vinane ni hivyo hivyo. Wanaume wazima wanagombezwa na kiti.

Na watu walicheka. Hilo ndilo linalonichoma. Walicheka mpaka Aqeel akakaa sakafuni anajifuta macho, anasema hajapata kuona kichekesho chenye akili namna hii. Mmoja akaniuliza, "Sasa Sufyan, mamako ndiye kile kiti?" Nikampiga ngumi, nami si mtu wa ngumi, nauhurumia uso wangu.

Kampuni imemfanya nini? Waandikie, wewe ndiye mwenye mchezo. Waambie wamrudishe mamangu alipokuwa.

Mpwa wako mwenye uso wa sinema,
Sufyan

Halwa usisahau. Hasira ni hasira na halwa ni halwa.


Matrah, Maskati
9 Juni 2023

Kwa mpwa wangu Sufyan,

Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenifikia, na aliyeileta akaniketia mbele kama askari wa zamu hadi nilipomaliza. Nimeshukuru kusikia mama yu mzima na mkono wake haujasahau kazi. Mfikishie heshima zangu na chupa ya mafuta ya magoti. Huku joto limetupanda kichwani, na kazi yangu ya kufunga viyoyozi msimu huu haina Ijumaa.

Kuhusu kasha. Kanda zile zilikuwa kuukuu, na nyingine ziliingia maji. Kilichookolewa ndicho hicho. Mambo ya filamu yana wenyewe, si ya kila mwenye projekta ya kuazima. Mrehemu mamako kwa Qur'ani, na uache kumjazia watu sebuleni mwanamke mwenye magoti mabovu. Habari ya ngumi sikuipenda.

Halwa hiyo.

Mjomba wako,
Muhdhar


Ndia Kuu, Mombasa
Jumapili, 2 Julai 2023

Kwa Mjomba Muhdhar,

Assalaam alaykum, na Idi yenye kheri, japo imepita. Tulichinja mbuzi mmoja na majirani. Mimi ndiye niliyemshika pembe, na wote walioshuhudia wanasema hawajaona mbuzi aliyeshikwa vizuri hivyo. Bibi amepaka mafuta yako, magoti yananukia ila bado yanauma. Halwa nimeila yote kwa hasira, wala haikupungua utamu.

Sasa niambie, Mjomba, ni maji gani hayo yenye macho? Yamemlowesha mamangu peke yake. Yakamruka Gunga, yakamruka Meneja, hata paka aliyepita nyuma ya meza kwenye kipindi cha tatu hakupata tone.

Nyuma ya kasha kuna nambari ya simu. Nikapiga. Akapokea msichana anaitwa Emmah, ana adabu zake. Akaniambia, "Kaka, sisi tulizipokea hivyo hivyo kutoka Maskati. Tulidhani ndio ufundi wenyewe. Kuna mtu ameandika gazetini kwamba yule karani asiyeonekana ni serikali." Umesikia? Mamangu amekuwa serikali. Nimeuza filamu tangu nina miaka kumi na sita, nimeona vituko, lakini mtu kumgeuza dadake serikali, hiyo ni mpya.

Na kuna kitu ulikisahau. Mkono.

Kipindi cha tano, Gunga amefungiwa nje, analia barafu yake inayeyuka juani. Kidirisha cha ofisi kinafunguka, unatoka mkono wenye hina, unampa ufunguo, unarudi ndani. Mara moja tu. Nilipouona nilidhani ni wa mwanamke yeyote. Lakini Bibi siku ya onyesho alikuwa chumbani na biarusi wake, hakuwa ametazama, nami nikamwekea kipande hicho kwenye simu ili anisifie hina tu, maana nikimpa la kusifu hunikaangia kitu.

Akaishika simu akaisogeza puani. "Rudisha nyuma." Nikarudisha. "Isimamishe." Nikaisimamisha. Kioo kikazima, nikakiwasha tena. Akasema, "Mkono huu naliupaka mimi. Ua hili ni langu. Majani matatu mazima, na la nne nusu. Nusu ile ni kwa kuwa aliuvuta mkono. Khairiya hakupata kutulia nikamaliza ua, hata siku moja."

Kisha akanirudishia simu akaenda kutawadha, na adhuhuri ilikuwa bado sana. Tangu hapo nikimuuliza hunipa hina nichekeche. Nimechekecha hina ya kuwatosha maarusi wa pwani nzima, na jibu sijapata.

Kwa hivyo maji hayakuwako. Uliketi wewe na mkasi wako, ukamtoa kipande kwa kipande, na mkono ukakupita kwa sababu wewe humjui dadako ila kwa uso. Bibi na macho yake mabovu amemjua kwa nusu ya jani.

Nataka kujua kwa nini. Na ukinijibu habari ya maji tena, nitampa Ghulam ndoo badala ya barua.

Mpwa wako anayechekecha,
Sufyan


Matrah, Maskati
20 Julai 2023

Sufyan,

Salamu zimfikie mama, na amani iwe juu ya mwenye adabu.

Umeniita mwongo kwa maandishi, na maandishi hayo yamepita mikononi mwa Ghulam, ambaye husoma hata karatasi ya kufungia karanga. Wahenga hawakukosea: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nami nitakufunza leo, kwa kuwa ulimwengu umechelewa.

Ni mimi niliyemkata. Khairiya alipokuwa kitandani mwisho wake, alinishika mkono mbele ya mama, akasema: "Kaka, nikifa sitaki watu wanicheke nami niko kaburini. Nataka dua." Huo ni wasia. Wasia wa maiti haujadiliwi sebuleni.

Kampuni walipokuja niliwakatalia. Wakarudi. Gunga na wenzake wamezeeka, mmoja ni kipofu wa jicho moja, nao walitaka waonekane kabla hawajafa. Nikasema nitawapa ofisi bila yeye. Nilikata mwenyewe kwa kuwa sikutaka mkono wa mtu mwingine umguse. Wakataka kuziba nafasi yake kwa sauti ya mwanamke mwingine. Nilikataa, kama nilivyokataa mwaka ule alipoacha kazi, televisheni waliponiambia nitafute mwingine nimkalishe kwenye kiti chake. Watu husema tulifukuzwa. Hatukufukuzwa. Niliufunga mchezo mimi.

Umepata ulichokitaka. Huna haja ya kunijibu.

Muhdhar


Ndia Kuu, Mombasa
8 Agosti 2023

Mjomba,

Kusalimu ni sunna na kuitikia ni faradhi, kwa hivyo assalaam alaykum, itikia hata kama meno yameumana. Bibi mzima. Mimi mzima. Nyumba nzima, ila mtu mmoja uliyemkata.

Asiyefunzwa na mamaye. Umeandika hivyo kwa mkono wako, ukaweka na nukta. Huyo mamaye wa kunifunza yuko wapi? Mwili wake ameuchukua Mwenye kuuumba, na hapo sina ugomvi na mtu. Sauti yake umeichukua wewe. Uso wake umeuchukua wewe. Hujanisomea methali, umenikanyaga kidole kisha ukaniuliza mbona natembea vibaya.

Nilipomaliza kukusoma nikaenda kwa Bibi. Akanisogezea chekeche. Nikalisukuma.

"Ni kweli alisema?"

"Kweli."

"Alisemaje?"

"Alisema hataki watu wamcheke."

Nikamwambia, "Bibi, mimi ni watu?"

Akaweka bakuli chini.

Wewe umekaa Maskati mpaka umesahau, basi nikukumbushe nyumba yenu. Mtu akipiga hodi hapa mlangoni, wanawake huuliza kutoka juu, "Ni watu, au ni Sufyan?" Wakiwa ni watu, mitandio huvaliwa na mlango wa ndani hurudishwa. Nikiwa mimi hakuna anayehangaika, mama zangu wadogo huendelea kusukana nywele, na Bibi huniambia nipande na maji. Tangu nimezaliwa ni hivyo. Hakuna mwanamke wa nyumba hii aliyepata kujifunika kwa ajili yangu. Aliyemfunika mmoja nisimwone ni wewe, tena ndiye aliyenizaa.

Watu ni Aqeel. Watu ni yule niliyempiga ngumi, na yule wa gazeti aliyemfanya serikali. Hao wazuie, nitakusaidia, mlangoni nitasimama mimi na mabega yangu haya. Lakini wasia wa watu usinipimie mimi.

Na tukiwa hapo hapo, nikuulize. Kanda nzima unazo, si ndiyo? Huwezi kumkata mtu bila kumtazama. Umemtazama vipindi vinane, mbele na nyuma, mbele na nyuma, nami najua kazi hiyo ilivyo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Ulicheka? Hata mara moja? Hujarudi Mombasa tangu tulipomzika. Watu wameoa, watu wamekufa, Bibi amevunjika magoti, wewe unatuma mafuta. Umekaa na dadako huko chumbani, baridi ya kiyoyozi inapuliza, mlango umeufunga.

Basi wewe je, Mjomba? Wewe ni watu, au si watu?

Halwa sitaki safari hii. Naam, umesoma vizuri.

Sufyan


Matrah, Maskati
30 Septemba 2023

Kwa Sufyan,

Wa alaykum salaam. Barua yako ilifika mwezi wa nane. Nilianza kuijibu nikachana, nikaanza tena nikachana. Hata Maulidi yamepita. Mwambie mama nimeota niko uani kwetu, birika la kuogea limejaa.

Ghulam amebeba kanda moja. Ni kipindi cha nane kabla sijakitia mkasi, pamoja na mabaki ambayo hayakuonyeshwa popote. Nakala yake hakuna. Itazame wewe na mama, basi. Mkimaliza mrudishie Ghulam. Asiione mtu mwingine, na zaidi ya wote Aqeel.

Ulichoniuliza mwisho sitakijibu.

Deki ya video unayo? Isafishe kichwa kwa spiriti, na pamba isiache nyuzi. Usiwe na papara kwa mara moja katika umri wako.

Muhdhar

Halwa nimeitia. Kama huitaki, mpe mama.


Ndia Kuu, Mombasa
Jumapili, 22 Oktoba 2023

Kwa Mjomba Muhdhar,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Bibi yuwakusalimu mara mbili, ya pili amesema niiandike peke yake, hii hapa: yuwakusalimu. Birika lina maji, hukuota uongo. Halwa tumegawana, yeye akachukua iliyo na lozi.

Kanda imefika salama. Ghulam aliifunga ndani ya doti la kanga kama mtoto mchanga, akanikabidhi hadharani pale dukani Makadara, maana akili zake ndizo hizo. Aqeel akaiona.

Hapo hasira zangu zilibadili mlango. Deki iliyo nzima hapa jirani ni ya Aqeel peke yake. Akanitazama akasema, "Nakuazima, Sufyan, kwani mimi na wewe kuna ubaya? Ila kanda itapita kwangu kwanza. Wateja wananiuliza kila siku kama karani atatokea." Na kosa si lake lote, nikueleze ukweli. Mdomo wangu ulikuwa umeshanitangulia. Tangu mwezi wa saba nimewaahidi watu kwamba kanda nzima yaja, nimeahidi kuanzia dukani mpaka kwa wauza vinyago wa Ngome ya Yesu, na kuna wawili nimewaambia nitaonyesha ukutani kwa nje, mtaa wote uone.

Nikamwambia Aqeel asiniazime kitu. Kwenye uchafu wa stoo yake nikaokota deki mfu, amenipa akicheka. Nikaifungua hapa mezani, nikaunganisha mkanda wake wa mpira, kichwa nikakisugua kwa spiriti na pamba isiyoacha nyuzi. Ikaamka. Mtu mwingine Mombasa hii anayeweza kuifufua deki ile sijui kama yuko, na kama yuko ni mzee.

Tuliitazama asubuhi, baada ya chai. Mlango nimeutia komeo. Bibi akakaa kitini na mtandio wake mpya, kama anakwenda kuozesha.

Uso wake ulivyo sikwambii. Wewe umekaa nao muda wa kutosha, sasa ni zamu yangu kukaa nao na nisiseme.

Lakini nitakwambia palipo baada ya mchezo, kwenye mabaki, kwa sababu najua unapajua. Amekaa kwenye kile kiti. Mezani mbele yake mmempangia mafaili mpaka kifuani. Gunga anaacha mlango wazi. Yeye anasimama, anainua kidole, anasema, "Fungeni mlango, baridi ina..." Anakatiza. Anashika meza. Mafaili yanaanguka, na Bibi akanigusa goti akasema, "Tazama tumbo."

Inasikika sauti ya kijana nyuma ya kamera, ina haraka, ina kiburi, inafanana na yangu mpaka nikageuka kutazama nyuma. "Khairiya, vipi tena?"

Naye anasema, "Amenipiga teke, Kaka. Hayapendi maneno yako."

Kisha akacheka.

Kumbe mimi na wewe tumeanza kugombana kabla sijazaliwa. Na kumbe wakati ule uliponiandikia methali zako, ulikuwa unajua kuwa kiti kile kilikuwa na watu wawili, na mkasi wako umetukata sote. Mimi ndiye mwigizaji mdogo kuliko wote wa "Ofisi ya Barafu", nimecheza kipindi cha nane bila kulipwa wala kuamkiwa, na jina langu kwenye kasha halimo.

Tulicheka, Mjomba. Sijui aliyeanza ni mimi au Bibi. Alicheka Bibi mpaka mtandio ukamdondoka, kisha hapo hapo, kicheko hakijamtoka kinywani, akainua mikono akamwombea mwanawe, akaomba kwa muda mrefu, akataja na majina ambayo sijapata kuyasikia, nami nikawa naitikia amini, pua imeziba. Basi dua aliyoitaka ameipata, na aliyemwombea ndiye aliyemcheka. Kama hapo tumevunja wasia, nitajibu mimi.

Aqeel nimemwambia deki imeitafuna kanda. Nikamwonyesha na uzi wa kanda nyingine, umejikunja kama tambi. Alinitukana mbele ya wateja. Wale niliowaahidi wamesema walijua tangu mwanzo kwamba karani hakuwako, na kwamba mama wa Sufyan ni hadithi ya Sufyan. Sasa nikipita Makadara mtu huvuta kiti huniambia, "Msalimie mamako." Naitwa Mwana wa Kiti. Na mimi, Mjomba, kwa mdomo huu unaoujua, nanyamaza nikapita. Siku ya kwanza niling'ata ulimi mpaka ukatoka damu. Ningeweza kuwafunga vinywa wote kwa kuwawekea dakika moja tu. Hawataiona. Hao ni watu.

Hasira usidhani imekwisha. Kicheko kile ulikaa nacho peke yako miaka yote hii, na mimi huku naamkia mtandio. Hilo sijakusamehe wala sitakudanganya kuwa naona karibu kukusamehe. Kuna siku naamka nimeshakukasirikia kabla sijavaa viatu.

Ghulam amekuja kuichukua kanda. Nimempa kahawa, nimempa visheti, nimempa na barua hii, akaenda zake. Kanda sirudishi. Iko mahali ambapo Bibi alizipeleka picha, nako sasa nakujua, nawe hujui.

Ukiitaka, njoo uichukue. Chumba chako Bibi amenifagilisha, dirisha la upande wa msikiti limepata bawaba mpya, kazi yangu, utaiona. Ngazi ni zile zile, ya tatu kutoka chini bado imelegea, ikanyage pembeni. Ukifika utapiga hodi, kama kila mtu. Na Bibi atauliza kutoka juu, "Ni watu, au ni Muhdhar?"

Hapo utajibu mwenyewe.

Mpwa wako,
Sufyan